Siku Miraji Alipokuja Bila Kupiga Simu

Miraji alikuwa ameshakuja nyumbani kwetu bila kupiga simu mara mbili, na mara zote mbili tulikuwa tumefiwa. Mara ya kwanza alikuja kuniambia kwamba baba yangu amefariki huko Wete. Mara ya pili alikuja kwa ajili ya dada wa mume wangu, Mwadini. Yeye ndiye katibu wa chama cha maziko chetu sisi Wapemba wa London, na kazi ya kubeba habari nzito ameipata kwa sababu ana sauti ya upole na hana papara. Ni mtu mwema sana, na mimi sitaki kabisa kumwona mlangoni pangu.

Basi Jumamosi ile ya Disemba, karibu na adhuhuri, nilikuwa nimesimama dirishani, ghorofa ya nne, hapa Thamesmead, nikitazama maegesho bila kujua natazama nini. Gari lake likaingia. Akashuka yeye, amevaa kanzu na kofia, na koti la baridi juu yake. Akashuka na mkewe, akafungua buti, akatoa chupa kubwa ya chai na jamvi lililokunjwa.

Jamvi! Nani anakwenda kumtembelea mtu na jamvi?

Nieleze kwanza yaliyotokea asubuhi, maana Miraji hakunikuta nimetulia. Alinikuta nimeshakuwa nusu mtu.

Nina mtoto mmoja, Najla, sikujaaliwa mwengine. Ana kazi ya kompyuta, na kampuni yake ilimpeleka Bangalore, kusini mwa India, wiki tatu, pamoja na mwenzake wa kazini anaitwa Kuldip, msichana wa Southall. Kwetu sisi India si nchi ya matembezi. Wapemba wanapelekwa India wakiwa wagonjwa, hospitali za kule nyumbani zikishashindwa. Wengine hurudi na wengine hurudishwa. Tangu alipoondoka nilikuwa sina raha, na mwenyewe ananitumia picha anakula chapati na mchuzi wa dengu, anacheka.

Ijumaa akaniambia kesho hawana kazi, watakwenda kupanda jabali linaitwa Savandurga, na huko juu ipo ngome ya kale. Wanakwenda asubuhi, jioni wamesharudi.

"Kuna nini huko juu?" nikamuuliza.

"A fort, Mama. Ngome. It's really old."

"Chake ipo ngome. Umekwenda Pemba mara tatu na hukutaka kuitazama. Na ile haipandiwi, gari linakushusha mlangoni."

Akacheka. Mtoto huyu kazaliwa Woolwich. Kiswahili anakisikia chote, hata cha bibi yake wa Wete, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, labda akutupie neno moja la kukufurahisha. Nimemgombeza miaka na miaka, nikachoka.

Jumamosi asubuhi, nimo jikoni namenya muhogo, akanipigia simu ya video. Kwetu saa nne, kwao alasiri imeshaingia. Nikaona uso wake umejaa jasho, kisha akaigeuza simu ili nione. Nikaona ukuta wa mawe makubwa, umebomoka katikati, na lango lisilo na mlango. Nikaona mishale iliyochorwa kwa rangi nyeupe juu ya jabali kuwaonyesha watu njia. Halafu nikaona hilo jabali lenyewe. Ni jiwe moja tupu, limeinama kama paa la nyumba, halina kamba, halina chuma cha kushikia, na chini kabisa miti inaonekana kama majani ya mchicha.

"Kaa kitako!" nikampigia kelele. "Najla! Kaa kitako hapo hapo!"

"Mama, relax. Look at the view."

"Sitaki view! Kaa kitako!"

Mbele yake nilimwona Kuldip na kofia nyekundu, ananipungia mkono. Najla akapiga hatua. Halafu akapiga ukelele. Si ukelele wa mchezo, mimi ndiye niliyemzaa na nazijua kelele zake zote. Kwenye simu nikaona mbingu, nikaona jiwe, nikaona mbingu tena, jiwe, mbingu, kisha giza.

Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena na tena. Nikamwandikia ujumbe, ukabaki na tiki moja. Namba ya Kuldip sina, jina la hoteli silijui. Nililonalo ni jina la jabali tu. Kisu cha muhogo kilikuwa bado mkononi.

Mwadini sikumpigia. Mwadini anaendesha basi, na nilisema nikimwambia yuko kwenye usukani atawaua na watoto wa watu. Lakini hata angekuwa amelala kitandani nisingempigia. Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Mtu akifa, wewe unaambiwa, "Njoo nyumbani mara moja, si kitu, njoo tu." Unafika, unakuta watu wamekaa. Unakaribishwa, unaulizwa habari za njiani, unapewa maji, na ukishakunywa ndipo mkubwa mmoja anakusogelea na kukwambia. Ndivyo tulivyolelewa, na nimeshawafanyia wengine. Nimeshawahi kukaa na mwanamke nusu saa namuuliza bei ya samaki, na mimi najua mama yake kafa.

Ila moyo haukukubali kunyamaza. Nikachukua simu, nikatuma sauti kwenye kundi letu la wanawake. Nilisema, "Jamani, Najla wangu, huko India, jabalini, niombeeni," nikaangua kilio, na sauti ikaenda hivyo hivyo. Dakika tano hazikupita nikajuta. Kwa nini najiitia baya kwa ulimi wangu mwenyewe? Mtoto pengine kateleza tu kaumia goti. Nikaifuta ile sauti, nikatawadha, nikaswali, na nilipomaliza nikasimama dirishani. Hapo ndipo Miraji alipofika na jamvi lake.

Nilifungua mlango kabla hawajagonga.

"Assalaam aleikum, Bi Time," akasema Miraji kwa ile sauti yake.

"Waaleikum salaam. Karibuni."

"Baridi leo."

"Baridi, ndiyo."

"Kazini hujenda?"

"Leo sina shifti."

Na kila alichouliza kilinichoma, kwa sababu maswali hayo nayajua ni ya nini. Mkewe alivua viatu mlangoni. Alinikumbatia muda mrefu, akanishika mkono, akanikalisha. Kisha akazima televisheni yangu. Akaisukuma meza ya vioo ukutani, akayasukuma makochi, akalitandika jamvi katikati ya sebule kama nyumba ni yake. Nilitaka kumwambia aiache meza yangu, lakini nikamwachia. Nilikuwa naogopa vile ambavyo sijawahi kuogopa maishani mwangu, na nimekimbia risasi Pemba nikiwa kijana, na nimevuka nchi nne kwa pasi isiyo yangu. Huko kote nilikuwa najiogopea mwenyewe. Kumwogopea mtoto ni kitu kingine, hakina pa kukimbilia.

Kengele ikalia tena. Wakaja wanawake wawili wa Abbey Wood. Ikalia tena. Wakaja watatu wa Plumstead, mmoja na sinia la maandazi, na wengine nyuma yao. Kila aliyeingia alinishika, akanibusu kichwani, akakaa jamvini. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Na mimi nikapiga hesabu yangu. Kama hawajui wangeuliza. Wanawake hawa ninawajua, ukinunua pazia jipya watakuuliza umenunua wapi. Leo nimelia kwenye simu zao na hakuna anayeuliza? Basi wanajua. Kuna mtu kampigia Miraji kutoka India, ubalozi au polisi au hospitali, na Miraji amewaambia wote, na mimi ndiye wa mwisho, kama ilivyo ada.

Nami sikuuliza. Nilijua nikiuliza nitajibiwa, na madhali sijajibiwa, Najla yu hai.

Miraji akaniletea maji kwenye bilauri. "Kunywa maji kidogo, Bi Time."

"Sina kiu."

"Hata funda moja."

"Sinywi, Miraji."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ilinitisha zaidi kuliko kitu chochote. Nikaishika bilauri kwa mikono miwili, nikaibana mapajani. Maji yakishapita kooni habari inakuja. Mimi sitakunywa, nilisema moyoni, watakaa hapa hadi kesho na mimi sitakunywa. Nikaanza kusema na Mungu. Nikamwambia, Najla aje amevunjika miguu yote miwili, mimi nitambeba. Aje hana akili, mimi nitamlisha. Aje amechukia kuniona, ilmradi aje. Nje ya dirisha ilikuwa bado mchana, mchana ule wa kijivu wa hapa. Lakini huko kwao magharibi ilikuwa imeshapita, na nikamwona mwanangu kwenye lile jiwe, gizani, peke yake, ananiita na mimi nimekaa kwenye kochi nimeshika maji.

Mlango ukafunguliwa kwa ufunguo. Mwadini, bado na sare ya kazi. Ukumbini alikuwa ameshaona viatu vya watu vimejaa, na nilimsikia alivyosimama. Akaingia sebuleni. Akalitazama jamvi, akamtazama Miraji, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Mwanangu," kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, akakaa chini sakafuni na koti lake, akauficha uso.

Miaka thelathini nimekaa na Mwadini sijamwona akilia, hata dada yake alipokufa. Nikajua Miraji amemwambia, wanaume wanaambiwa mbele. Bilauri ikaniponyoka. Nikapiga ukelele hata jirani wa chini akagonga dari yake. Wanawake wote wakaangua kilio, na mke wa Miraji, huku machozi yanamtoka, akaanza kuisoma Yasini, na wengine wakamfuatia.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Ninachojua ni kwamba katikati ya kisomo aliingia Marcelina. Marcelina ni mwenzangu kazini, tunahudumia wazee pamoja. Ni Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki, anakaa Woolwich, na habari aliipata sokoni kwa mwanamke mmoja wetu. Amekuja na mfuko wa ndizi na kitenge kiunoni juu ya suruali ya jinzi. Akanikumbatia akalia na mimi vizuri kabisa. Halafu akajifuta, akakaa, akauliza kwa sauti ya watu wa bara, ambao wao jambo hulisema lilivyo:

"Poleni sana jamani. Sasa mwili unaletwa lini?"

Kisomo kikakatika. Neno lile, mwili, lilikuwa halijasemwa na mtu tangu asubuhi, na likanipiga kifuani.

Miraji akakohoa. "Dada, hilo hatujalizungumza. Sisi tunawasubiri wenyewe watueleze."

"Wenyewe akina nani?"

"Wazazi. Si ndo waliopokea habari?"

Mwadini akainua uso. "Mimi? Mimi habari nimeletewa na weye."

"Na miye? Miye nimekwambia njoo nyumbani, basi."

"Umenambia njoo nyumbani, si kitu, njoo tu! Na mke wangu ninamwona mzima. Nifahamu nini?"

Miraji akageuka, na wote wakageuka, wakanitazama mimi.

"Bi Time," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na papara, "habari kakupa nani?"

"Nyinyi."

"Sisi!"

"Si ndo nyinyi mmekuja? Mmekuja na jamvi!"

"Tumekuja kwa ile sauti yako," akasema mkewe. "Umelia, umemtaja Najla, kisha umeifuta. Tukasema maskini, hata kulisema hawezi."

"Na hamkuniuliza?"

"Tukuulize vipi, Bi Time? Mfiwa haulizwi."

Marcelina akawatazama mmoja mmoja. "Ngoja kwanza. Nani hapa ameambiwa na mtu, kwa mdomo, kwamba Najla amekufa?"

Mwanamke mmoja alilirudisha andazi kwenye sinia.

Msidhani nilifurahi. Mwadini ndiye aliyeruka akasema alhamdulillahi, na mimi nilitaka kumzaba kibao. Alhamdulillahi ya nini? Wao hawakuwa wameona kitu. Mimi niliona. Nikawaeleza sasa, kwa mara ya kwanza: jabali lilivyo, hatua aliyopiga, ukelele, mbingu na jiwe na mbingu na jiwe, na simu haipatikani tangu hapo. Nikawaangalia nyuso zao zinavyobadilika. Kabla ya hapo walikuwa wananisikitikia. Sasa na wao wakaogopa. Zilikuwa zimeshapita saa nyingi mno. Mtu aliyeumia goti angekuwa ameshapiga.

Mwadini akaanza kunifokea kwa nini sikumwambia, akaacha katikati, akanishika mkono. Marcelina akatafuta namba ya serikali ya kuulizia watu waliopata ajali nje ya nchi, akapiga, akawekewa muziki. Tukausikiliza muziki ule wa piano sisi sote, watu kumi na kitu juu ya jamvi.

Simu yangu ikaita. Namba ndefu, ngeni, ya India.

Hakuna aliyesogea. Ilikuwa sakafuni mbele yangu, inatetemeka juu ya jamvi. Nilitaka iache kuita, na nikaogopa isije ikaacha. "Pokea," akasema Mwadini, na yeye mwenyewe mikono ameiweka nyuma. Nikapokea.

Ilikuwa sauti ya mwanamme. "Hello? Am I speaking to the mother of Najla?"

Hivyo ndivyo wanavyoanza. Najua ndivyo wanavyoanza. Nikasema yes, nadhani nilisema yes.

"One minute, madam."

Dakika hiyo sitaieleza. Nilifumba macho, nikamsikia Miraji kwa mbali anasema, "Inna lillahi," polepole, ili awe tayari.

"Mama? Mama, I'm so sorry, it was a monkey!"

Ni yeye. Ni sauti yake, na haraka zake, na Kiingereza chake kinachobingirika. Kima, alisema, kima alimrukia begani akaipora simu, wakavutana, simu ikateremka jabali zima ikavunjika. Akatafuta vipande, akapoteza muda. Namba yangu haijui kwa kichwa, nani siku hizi anajua namba ya mtu kwa kichwa, ikabidi warudi mpaka Bangalore nyumbani kwa mjomba wake Kuldip, afungue barua pepe zake za zamani aitafute, na huyo aliyepiga ndiye mjomba. Alisema yote hayo kwa mkupuo mmoja. Kilikuwa kinanitoka kilio tu, kutoka tumboni, hakina neno ndani yake.

Na walipoisikia sauti ya Najla, sebule nzima ikalipuka. Wanawake wakapiga kelele, wakakumbatiana, wakalia zaidi ya walivyolia kwanza. Mke wa Miraji akairudia Yasini aliyoikatiza kwa sauti kubwa, maana si vizuri kuikata nusu. Mwadini alikuwa ameegemea ukuta, analia kama mtoto mdogo.

Upande wa pili, Kiingereza kikakoma.

Kisha nikamsikia mwanangu, kwa Kiswahili, Kiswahili cha bibi yake wa Wete ambacho sijawahi kukisikia mdomoni mwake hata siku moja:

"Mama. Hapo nyumbani n'nani kafa?"

Nikajifuta uso kwa mtandio.

"Mama, nambie. Nnasikia watu wanasoma. N'nani? Baba? Baba yuko wapi? Mama, usinifiche, mpe simu Baba!"

"Nipo!" akasema Mwadini, lakini alikuwa amejaa kamasi na machozi, na ilisikika kama mtu mwengine.

"Huyo siye Baba," akasema Najla, na nikamsikia anaanza kulia, huko, nyumbani kwa watu, mbali, na hofu ile ile niliyoishika mimi tangu asubuhi sasa imo mikononi mwake. "Mama, wallahi nambie. N'nani kafa?"

"Ni weye, mwanangu," nikamwambia. "Msiba ni wako. Wamejaa mpaka ukumbini."